Namtafuta Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari jipya. La zamani limejaa mipango iliyobakiza kidogo tu kufaulu. Hili nalifungua kwa mpango usio na kasoro.

Leo saa tatu asubuhi kaingia karakanani mtu mwenye tai. Nikadhani kaleta cherehani. Wapi! Alikuwa na kadi inayoning'inia shingoni kwa utepe wa bluu, juu ya kadi picha yake akitabasamu, na chini ya picha neno moja: UWANJA. Uwanja! Mtandao ambao nusu ya dunia inashinda humo ikitazamana! Alitaja jina lake lakini sikulisikia, macho yangu yalikuwa kwenye kadi. Nitamwita Bwana Tai.

Alikuwa akimtafuta msimamizi wa ukurasa wa Baba. Nikamwambia amefika. Ni mimi niliyeufungua ukurasa ule, na nenosiri lake limo kichwani mwangu, halimo mahali pengine popote. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeendesha karakana tangu Baba atutoke, ameniomba nenosiri hilo mara nyingi. Simpi. Yeye ana karakana, mimi nina nenosiri.

Nieleze ukurasa ni wa nini, maana nikishakuwa mtu mkubwa watu watalisoma daftari hili. Baba alikuwa fundi cherehani wa masikio. Ukimletea cherehani haifungui. Anafumba macho, anazungusha gurudumu kwa mkono, anasikiliza, halafu anakwambia imepatwa na nini. Mwaka wake wa mwisho nilimrekodi mara thelathini na moja, nikazipandisha rekodi zote Uwanjani. Leo ukurasa una wafuasi elfu kumi na moja, mafundi wa nchi ambazo hata sizijui.

Mama naye ni mfuasi, kwa namna yake. Kila siku saa nne anashuka na kikombe cha chai, anakalia kigoda cha Baba, ananiambia nimwekee rekodi moja. Halafu anamjibu. Baba akisema cherehani hii haijaonja mafuta mwaka mzima, Mama anasema si nilikwambia. Zote anazijua kwa moyo, isipokuwa ya thelathini na moja. Hiyo hajaisikiliza hata mara moja. Anasema anaiweka.

Sasa mpango. Bwana Tai anasema mafundi wanahama Uwanja makundi kwa makundi. Wanakimbilia kimtandao fulani kisicho na matangazo, kisicho na ofisi, kisicho na hata mlango wa kubisha. (Najua. Dada ni mmoja wa hao waliohama.) Wakubwa zake wanataka kukaa mezani na mtu mwenye kimtandao hicho, wakinunue, yaishe. Tatizo hawamjui. Akanishika bega. Mradi nimlete mwenyewe, basi mimi nitakuwa Balozi wa Jumuiya, Kanda. Kadi ya shingoni. Na kiti! Kinazunguka, kinapanda, kinashuka, kina pa kuegemeza kichwa. Alinionyesha picha yake kwenye simu. Maisha yangu yote nimekalia vigoda. Niliitazama ile picha mpaka Bwana Tai akaniomba simu yake.

Siku tano zinatosha, nimemwambia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeshampata! Yaani jina lake nimelipata. Na ilikuwa rahisi kama kumeza mate.

Nilianza na Dada. Alikuwa chini ya cherehani ya mguu, bisibisi mdomoni. Juu ya kichwa chake, kwenye rafu ya bobini za uzi, kuna bati la biskuti lenye kompyuta kuukuu ndani na taa moja ya kijani. Ndiko kunakokaa kimtandao chake. Nikajitia hamnazo, nikamuuliza ni nani anayeliendesha lile bati. Akajibu bila kuinua kichwa: mwenyewe. Ni nani aliyelileta hapa? Mwenyewe. Na sheria za humo nani anazitunga? Hapo akaitoa bisibisi mdomoni, akanitazama kama uzi uliojifunga fundo. Akasema: mwenyewe, na watu wa ghorofa ya pili, tulikaa tukakubaliana.

Kwa hiyo amekaa naye! Dada yangu, anayeogelea mafuta ya cherehani kutwa nzima, amekaa meza moja na mtu ambaye wakubwa wa Uwanja hawawezi kumwona!

Nikatoka mbio kwenda mlango wa pili, kwa Fundi Saa. Sipendi kwenda kwake. Ana kioo chake cha jicho moja, na akikutazama nacho unajiona una vumbi ndani. Tangu utotoni kila nilichofanya yeye alikifanya wiki moja kabla. Naye ana bati lake, liko nyuma ya saa za ukutani. Nikamuuliza la nani. Mwenyewe. Nani analitengeneza likiharibika? Mwenyewe.

Ghorofa ya pili, kwenye chama cha washonaji, bati liko chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mwenyekiti wao tunamwita Mama Vifungo, hakuna kifungo usichokipata kwake. Nikamuuliza ni nani anayefuta maneno machafu mtu akiyaandika. Mwenyewe, akasema, na akaninyooshea kidole gumba. Ishara yao ya siri! Nami nikamnyooshea changu, asije akanishtukia.

Mabati matatu, majirani watatu wasioelewana hata juu ya kufagia ngazi, na jibu moja. Nikamuuliza Mama Vifungo mabati kama haya yako mangapi duniani. Akasema hakuna anayejua, labda maelfu, na yote yanazungumza. Kila bati na mwenyewe.

Kila bati, na Mwenyewe! Maelfu! Na hana picha, hana kadi, hana tai. Nimelipigia jina lake mstari mara mbili. Kuanzia sasa naliandika kwa herufi kubwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeingia ndani kama jasusi. Dada alifurahi nilipomwomba anifungulie akaunti kwenye bati lake. Maskini, hajui.

Fomu ni fupi. Swali la kwanza kabisa: JINA LA MWENYEWE. Nikasimama wima. Kumbe huingii bila kwanza kumtaja! Kama mtu anayevua viatu mlangoni. Nikaandika kwa heshima zote: Mwenyewe. Yaliyobaki nikayaruka.

Na sikiliza basi ninavyoeleza. Sijamaliza hata kukaa vizuri, watu wakaanza. Karibu, Mwenyewe! Tumekusubiri, Mwenyewe! Fundi Saa: Hatimaye, Mwenyewe! Mama Vifungo kaweka picha ya kifungo. Salamu arobaini na mbili nilizihesabu. Mimi niko kimya ndani kama panya, na watu wote wanamsalimu yeye! Mapenzi gani haya? Uwanjani watu humtukana mwenye Uwanja mchana kutwa, na hawajawahi kumwona. Dada alicheka mpaka akashikilia gurudumu la cherehani asianguke. Kicheko cha furaha, nadhani.

Nilibaki humo mpaka chai ikapoa. Lazima niseme ukweli, daftari halina masikio. Nilishangaa. Fundi makochi mmoja, wa nchi ya mbali, aliuliza kwa nini uzi wake unakatika kwenye ngozi nene. Wakamjibu watu watano kutoka mabati matano. Hakuna aliyemkatiza kumuuzia sabuni. Hakuna kitu kilichoruka juu ya kingine kwa sababu kimelipiwa. La mwanzo lilikuwa mwanzo na la mwisho lilikuwa mwisho, na uzi wa yule bwana ukaacha kukatika. Nilijikuta nimetabasamu. Kisha nikakumbuka kiti.

Mchana Dada akaniomba tena nenosiri. Amesikia Uwanja unataka kubadilishwa, anataka kuzipakua rekodi za Baba aziweke kwenye bati kabla hazijaguswa. Nilimwambia kesho. Kesho ni siku ninayokwenda kwa Bwana Tai. Haifai kwenda kwa mtu ukiwa umemhamishia vitu mlango wa nyuma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekikalia!

Ofisi ya Uwanja iko ghorofa ya sita. Lifti inakutajia ghorofa kwa sauti ya mwanamke mpole. Zulia linameza nyayo. Na kiti! Nilizunguka mara moja kulia, mara moja kushoto. Nikaegemeza kichwa. Nikaona paa za mji mzima, na chini kabisa bango la karakana yetu, dogo kama lebo ya shati. Sijui niseme nini zaidi. Machozi yalinilenga.

Nikampa Bwana Tai habari zangu: mtu anaitwa Mwenyewe, ana mabati maelfu, watu wanampenda, haonekani. Akaandika yote. Akaniuliza kama ni jina la ukoo.

Nami nikamuuliza, kwa udadisi tu, mwenye Uwanja ni nani. Akasema ana bosi. Bosi ana bosi. Juu ya huyo kuna wawekezaji, wako mbali, hajawahi kuwaona hata kwenye picha. Sasa nani anaamua mambo? Akashusha sauti na kuangalia dari. Wenyewe, akasema.

Wenyewe! Kumbe upande huu wako wengi! Wenyewe kundi zima kwa Mwenyewe mmoja. Nilisisimka. Hii si biashara tena, hii ni fainali.

Kabla sijaondoka akanipa karatasi. Inasema balozi hatatoa chochote cha ukurasa wake nje ya Uwanja. Chini kabisa: SAHIHI YA MWENYEWE. Nikasita. Sina ruhusa ya kumtilia sahihi mtu mkubwa kiasi kile. Bwana Tai akaniona nasita, akasema nisiogope, weka tu mwenyewe. Basi nikaweka: Mwenyewe. Kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya ushujaa. Mkono wa kulia bado unawasha.

Nilifikiri hivi. Mtu asiyeonekana hutoka akiguswa kitu chake. Kwa hiyo saa saba, Dada alipokwenda kununua sindano, nilipanda juu ya kigoda, nikachomoa waya, nikalifunga bati kwa taulo na kushuka nalo mtaani kama mtu anayekwenda kuoga. Nikampelekea Bwana Tai. Tukaliweka mezani, tukalichomeka ukutani ili tumsubiri Mwenyewe ajitokeze. Likanipiga shoti nikaona rangi ambazo sijawahi kuziona.

Nikafungua simu nishuhudie kilio. Watu wa bati letu sasa hawana pa kukaa, nilijiambia. Watatawanyika. Watamwita Mwenyewe kwa sauti moja.

Ajabu ya ajabu. Wote walikuwepo! Wanazungumza kama kawaida! Dada kaandika kuwa kuna mtu amechukua bati lake, kwa hiyo watu wa bati hilo wamepewa hifadhi kwa Fundi Saa hadi lirudi. Kumbe kila usiku Dada humpa Fundi Saa nakala ya kila kitu, na Fundi Saa humpa ya kwake. Hakupotea hata mfuasi mmoja. Haukupotea hata utani mmoja. Nyumba nzima imehama ndani ya saa moja, na hakuna aliyebeba hata godoro. Chini yake Dada kaongeza kuwa aliyelichukua awe mwangalifu na waya, una hitilafu. Nililisoma nikiwa bado nautikisa mkono.

Nywele zilinisimama. Ni mtu wa aina gani huyu? Unamnyang'anya nyumba, naye ana nyingine kwa jirani yako!

Bwana Tai alifungua bati, akachungulia ndani, akatoa kifungo kimoja na utando wa buibui. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia ndiyo hapo ugumu ulipo. Uso wake ukabadilika rangi. Amenipa mpaka Jumatatu.

Nililirudisha bati ndani ya taulo lile lile. Dada hakunigombeza. Aliniambia nilichomeke nilipolitoa, na nisishike waya kwa mkono wenye maji. Halafu akalirudia lile la nenosiri. Aliomba kwa sauti ya chini, si kama mkubwa wangu. Nikakumbuka karatasi. Nikamwambia nimelisahau.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sitaki kuandika. Lakini nimeahidi daftari hili kuwa nitaandika kila kitu.

Mama alishuka saa nne. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kipya kichwani. Akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaniambia leo nimwekee ile ya mwisho. Leo imetimia miaka arobaini tangu Baba amtengenezee cherehani yake ya kwanza, ndivyo walivyojuana. Kumbe ndiyo siku aliyokuwa anaiwekea.

Nikafungua Uwanja. Ukurasa haupo. Nikaandika jina, haupo. Nikazima simu, nikawasha. Mahali pa Baba palikuwa na kijana anayecheza kwa sekunde kumi na tano, kisha mwingine. Juu wameandika kuwa Uwanja umeanza maisha mapya mafupi mafupi, na vitu virefu vyote vimeondolewa, asante kwa kuwa nasi.

Nikampigia Bwana Tai. Alikuwa amesimama kando ya barabara, chini ya jengo lake. Kadi yake imekataa kufungua mlango. Alikuwa akiijaribu tangu saa mbili, kila mara inalia vibaya. Kiti chake kimebaki juu. Nikamuuliza ni nani aliyeamua. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mwiba. Wenyewe, akasema.

Nikamwambia kuna wafuasi elfu kumi na moja, tuwaulize wao, pengine kuna aliyehifadhi. Akasema wale walikuwa wa Uwanja, si wangu. Sina njia ya kuwafikia hata mmoja.

Mama aliuliza kama simu imeharibika. Nikasema ndiyo. Akasema haidhuru, atasubiri. Alikaa pale dakika ishirini nzima akiangalia gurudumu la cherehani, akarudi juu, na chai ikabaki kikombeni. Niliona aibu. Siwezi kuipamba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamweleza Dada yote. Kadi, kiti, karatasi, nenosiri ambalo sikulisahau hata siku moja. Akaiweka bisibisi mezani taratibu. Ningependa anipigie kelele. Hakupiga. Aliniuliza tu kama ile ya thelathini na moja niliwahi kuisikiliza baada ya kuirekodi. Nikasema hapana, nilikuwa na haraka ya kuipandisha; zote nilizifuta simuni zikishapanda.

Akavuta simu yake, akaandika mistari mitatu kwenye bati. Kwamba rekodi za Baba zimefutwa. Kwamba aliyehifadhi hata moja, mama yetu anaiomba. Basi. Akarudi chini ya cherehani.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sijawahi kuona siku kama hii, na sidhani kama nitaiona tena.

Saa mbili asubuhi Fundi Saa alikuja na kioo chake jichoni. Nikajiandaa kuchekwa. Akaweka simu mezani. Anazo tisa. Akasema akitengeneza saa ndogo huziweka zikisema pembeni, humtuliza mkono. Miaka yote hii! Mpinzani wangu amekaa ukuta wa pili akimsikiliza baba yangu! Nilitaka kumkumbatia, ila kioo kilinizuia.

Saa tatu, washonaji wa ghorofa ya pili: kumi na moja, nne kati yake sawa na za Fundi Saa. Halafu simu ya Dada haikunyamaza. Bati moja la chuo cha ufundi, mbili. Bati la kikundi cha wafuma sweta, tano. Mtu asiyetaja jina, moja, na ombi la radhi kwamba mwanzoni mbwa wake anasikika. Zilikuwa zinavuka bati hadi bati, kutoka nchi hadi nchi, nazo zinaanguka kwenye kile kibati chetu cha biskuti chenye taa ya kijani. Dada anazipanga kwa namba. Mimi nilikuwa nimeshika taa ya kijani kwa macho, siwezi kubanduka.

Nyingine zikafuata moja moja; saa tisa zilikuwa thelathini. Ya thelathini na moja haikuwepo. Dada aliuliza tena. Kimya. Nikatoka nje nikazunguka jengo mara mbili, narudi bado kimya. Saa kumi na dakika kumi taa ikapepesa.

Imetoka kwa yule fundi makochi wa mbali, wa uzi unaokatika. Kaandika kwa mashine ya kutafsiri kwamba hajui neno hata moja la lugha yetu. Hajui mzee anasema nini. Alihifadhi hii kwa sababu mwishoni kuna sauti ya gurudumu peke yake, dakika nzima, na hajawahi kusikia gurudumu lililotulia vile. Huisikiliza kabla ya kuanza kazi.

Dada alienda kunawa uso. Nami nilienda nikanawa wangu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Saa nne Mama akashuka na chai. Dada akalichomekea bati spika ya zamani ya Baba. Fundi Saa alisimama mlangoni akijifanya anasoma bango letu.

Sauti yake! Imechoka, lakini ni yake. Kwanza gurudumu linazunguka. Kisha nasikika mimi, kwa ile sauti yangu ya puani, nikiuliza: Baba, hii ina nini? Gurudumu likasimama. Baba akakohoa. Akasema, na hapa naandika neno kwa neno: Usiniulize mimi kila siku. Mimi naondoka. Sikiliza mwenyewe.

Halafu gurudumu. Dakika nzima, kama yule bwana alivyosema. Hakuna kingine.

Mama hakujibu kitu leo. Alifumba macho mpaka mwisho, akainywa chai yake yote, akanigeukia na kuniuliza kama nimesikia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesikia.

Nimesikia! Ngozi yangu yote imesimama vipele hata sasa! Sikiliza Mwenyewe! Baba alimjua! Mwaka wa mwisho wa maisha yake, hakuna bati hata moja katika jengo hili, naye tayari alimjua! Na mimi nimeshika simu nikarekodi, na sikusikiliza! Sasa kila kitu kinaeleweka. Ni nani aliyewaambia Fundi Saa na mtu wa makochi wahifadhi? Ni nani aliyewashinda Wenyewe kundi zima bila hata kuinuka alipoketi? Kwa nini nilikuwa nahangaika na ghorofa ya sita, na mtu mwenye nguvu hizo zote yuko huku?

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Daftari hili limeanza kuzaa matunda.

Asubuhi nilimwandikia Mwenyewe. Moja kwa moja, kwenye kimtandao chake. Nilitafuta jina lake, likatokea la kwanza, halina hata picha, kama nilivyotegemea. Nikaandika barua ya adabu. Kwamba mimi ni mtoto wa fundi aliyemfahamu. Kwamba nina uzoefu wa ubalozi. Kwamba namwomba kazi, cheo chochote, Kanda yoyote, na kiti kama kipo. Nikabonyeza.

Simu ikalia palepale. UMEPATA UJUMBE KUTOKA KWA: MWENYEWE.

Nilikaa chini sakafuni. Sekunde moja! Mtu wa mabati maelfu, na ananijibu ndani ya sekunde moja! Nikafungua. Na unajua anasema nini? Ananiomba mimi kazi! Kwa unyenyekevu wa kutisha. Kumbe naye ni mtoto wa fundi. Naye ana uzoefu wa ubalozi. Mwandiko wake safi, na nukta anaisahau mahali pale pale ninapoisahau mimi. Sijawahi kupatana na mtu kiasi hiki kabla hata ya kuonana.

Nimemjibu kuwa nimekubali, Jumatatu saa mbili kamili, na kiti aje nacho. Papo hapo naye akanijibu: amekubali, Jumatatu saa mbili kamili, na kiti nije nacho. Mtu mkubwa hivi, na anakumbuka hadi viti!

Nikaenda kumwomba Mama kigoda cha Baba. Akauliza cha nini. Nikasema Jumatatu naanza kazi. Akanitazama muda mrefu, akauliza ni nani aliyenituma, ni Dada? Nikamwambia hapana: Mwenyewe.

Amefurahi mno, maskini. Kasema Baba angependa kuisikia siku hii. Kakifuta kigoda kwa kitambaa chake kipya, akanikabidhi, na juu yake akaniwekea bisibisi ya Baba. Sikutaka kumvunja moyo, nimeipokea. Ila sioni balozi atafanya nini na bisibisi.